Charlotte Maxeke: Mwalimu na mke wa mchungaji aliyewafungulia wengine mlango

Katika kitongoji cha Parktown, jijini Johannesburg, Afrika Kusini, imesimama hospitali kubwa yenye vitanda zaidi ya 1000. Tangu mwaka 2008 hospitali hiyo inaitwa Charlotte Maxeke. Madereva wa teksi hulitaja jina hilo kutwa nzima, na wagonjwa huliona limeandikwa kwenye karatasi zao za matibabu. Mgeni alisikiaye kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba ni jina la daktari au muuguzi hodari wa zamani. Sivyo. Mwenye jina hilo alikuwa mwalimu wa shule na mke wa mchungaji wa Kimethodisti, aliyefariki dunia tarehe 16 Oktoba 1939.

Vitabu vya historia humtaja kwanza kwa sifa moja: ndiye mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi kumweleza. Anayezifuata hatua za maisha yake huona kwamba kuwa wa kwanza hakukumshughulisha sana. Lililomshughulisha ni kwamba baada yake awepo wa pili, na wa tatu, na hatimaye wasihesabike tena. Kila mlango uliofunguliwa mbele yake aliusimamia usifungwe, ili wengine nao wapate kupita. Wakati mwingine alifaulu. Wakati mwingine mlango ulifungwa kwa nguvu kuliko zake, akaanza upya mahali pengine.

Binti wa nyapara wa barabara

Alizaliwa akiitwa Charlotte Makgomo Mannya. Baba yake, John Kgope Mannya, alikuwa wa kabila la Batlokwa, kutoka Ramokgopa, katika jimbo ambalo leo linaitwa Limpopo, kaskazini mwa nchi. Mama yake, Anna Manci, alikuwa Mxhosa wa Fort Beaufort, upande wa kusini mashariki. Kwa hiyo katika nyumba moja zilikutana pande mbili za nchi zilizo mbali sana, na watoto walikua wakisikia lugha zaidi ya moja tangu utotoni. Baba alikuwa nyapara wa ujenzi wa barabara na mhubiri katika Kanisa la Kipresbiteri. Mama alikuwa mwalimu.

Charlotte alianza masomo katika shule ya misheni ya Uitenhage. Mmoja wa waalimu wake hapo alikuwa Isaac Williams Wauchope, mchungaji na mshairi, ambaye miaka mingi baadaye alizama pamoja na meli ya Mendi, Februari 1917, katika ajali iliyowaua zaidi ya Waafrika 600 waliokuwa wakipelekwa Ulaya kufanya kazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka Uitenhage msichana huyo aliendelea na masomo Port Elizabeth. Alionekana kuwa hodari katika lugha, hesabu na muziki, na sauti yake ya kuimba ilijulikana kanisani na shuleni.

Mwaka 1885 familia ilihamia Kimberley, mji uliokuwa umeota ghafla juu ya machimbo ya almasi. Watu wa kila kabila walimiminika huko kutafuta kazi, na kwa sababu hiyo hapakukosekana kazi kwa mtu ajuaye lugha. Charlotte alianza kufundisha. Aliwafundisha wageni lugha za wenyeji, na manyapara wa Kiafrika wa machimboni Kiingereza cha kuwawezesha kuelewana na wakubwa wao. Alikuwa bado kijana, lakini tayari alikuwa ameiona kwa macho yake nguvu ya mtu anayeelewa kinachosemwa juu yake.

Wimbo uliovuka bahari

Mwaka 1890 kundi la waimbaji weusi kutoka Marekani, likiongozwa na Orpheus McAdoo, lilizuru Afrika Kusini. Waafrika waliokwenda kuwasikiliza waliona jambo ambalo hawakuwa wamelizoea: watu wa rangi yao, watoto wa waliokuwa watumwa, wakisimama jukwaani wakiwa wasomi na wasanii, nao Wazungu wakilipa kiingilio ili kuwasikia. Muda mfupi baadaye ikaundwa kwaya ya Waafrika yenyewe, na Charlotte pamoja na mdogo wake Katie wakachaguliwa kuwa miongoni mwa waimbaji. Mwaka 1891 wakapanda meli kwenda Uingereza.

Lengo lililotangazwa la safari hiyo lilikuwa kuchangisha fedha za kujenga shule za ufundi kwa ajili ya Waafrika. Kwaya iliimba katika miji mingi, na mwaka huohuo ikaimba mbele ya Malkia Victoria katika kasri lake la Osborne. Lakini waandaaji walijua watazamaji wao wanataka kuona nini. Sehemu ya kwanza ya onyesho waimbaji walivaa ngozi na shanga, na sehemu ya pili wakavaa nguo za Kizungu, kana kwamba Mwafrika huanza kuwa mtu pale anapobadili mavazi. Picha walizopigwa London mwaka 1891 zilisahauliwa katika hifadhi kwa zaidi ya miaka 120, hadi zilipoonyeshwa tena mwaka 2014. Wanaozitazama leo huona vijana wenye nyuso za utulivu wanaoitazama kamera moja kwa moja, bila aibu na bila tabasamu la kumfurahisha mtu.

Fedha za safari zilileta ugomvi, na shule zilizoahidiwa hazikujengwa. Katie alirudi nyumbani. Charlotte alijiunga na safari ya pili, iliyoelekea Marekani. Huko mambo yaliharibika kabisa: wasimamizi waliitelekeza kwaya katika jimbo la Ohio, na waimbaji wakabaki katika nchi ya ugenini bila nauli ya kurudi kwao.

Waliowapokea walikuwa Wamarekani weusi wa Kanisa la African Methodist Episcopal, lijulikanalo kwa kifupi kama AME. Kanisa hilo liliundwa Philadelphia mwaka 1816 chini ya Richard Allen, aliyewahi kuwa mtumwa, baada ya waumini weusi kuchoshwa na ubaguzi ndani ya makanisa ya Wamethodisti weupe. Kanisa lilikuwa na chuo kikuu chake, Wilberforce, katika jimbo hilohilo la Ohio. Charlotte alipewa nafasi ya kusoma. Kwa msichana aliyekwenda ng'ambo akiamini kwamba wimbo wake utajenga shule, ajali ile ya safari ikawa ndiyo njia ya yeye mwenyewe kuingia shuleni.

Barua iliyounganisha makanisa mawili

Wilberforce ya miaka hiyo ilikuwa na waalimu wa kutajika. Kuanzia mwaka 1894 hadi 1896 alifundisha hapo W. E. B. Du Bois, aliyekuja kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa watu weusi duniani. Wanafunzi walisoma Biblia, lugha za kale na sayansi, na walifundishwa pia kwamba elimu yao ni deni wanalodaiwa na waliobaki nyuma. Charlotte alikutana hapo na Marshall Maxeke, kijana mwenzake kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akijiandaa kuwa mchungaji. Wawili hao walikuja kufunga ndoa.

Akiwa chuoni, Charlotte alimwandikia barua mdogo wake Katie. Alimsimulia habari za kanisa la watu weusi lenye maaskofu weusi, linalomiliki shule zake na kujiendesha lenyewe bila kusimamiwa na Wazungu. Barua hiyo ilifika mikononi mwa Mchungaji Mangena Mokone, mjini Pretoria.

Ili kuelewa uzito wa barua hiyo, ni lazima kujua Mokone alikuwa katika hali gani. Alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kwa miaka mingi. Mwaka 1892 alijiuzulu kwa sababu wachungaji weusi walikutana peke yao, walilipwa kidogo, na daima walikuwa chini ya mchungaji mweupe hata kama huyo ni mdogo wao kwa umri na uzoefu. Akaanzisha kanisa lililoitwa la Kiethiopia. Lilikuwa na imani na waumini, lakini halikuwa na fedha wala chuo, na serikali ilikuwa ikilitazama kwa jicho la mashaka. Barua ya binti yule wa Kimberley ilimjulisha kwamba ng'ambo ya bahari kuna ndugu waliopita njia hiyo miaka mingi kabla yake.

Mwaka 1895 Mokone alimwandikia Askofu Henry McNeal Turner wa AME. Mwaka 1896 makanisa hayo mawili yakaungana, na mwaka 1898 Askofu Turner mwenyewe akazuru Afrika Kusini na kupokewa na umati mkubwa. Vijana wa Kiafrika walianza kupelekwa Wilberforce na vyuo vingine vya watu weusi nchini Marekani. Charlotte hakuwa askofu wala mchungaji, na kwa sheria za kanisa la wakati ule asingeweza kuwa. Lakini ukurasa huo mkubwa wa historia ya dini kusini mwa Afrika ulianzia katika karatasi aliyoiandikia familia yake.

Shule ya Evaton

Mwanzoni mwa karne ya 20 Charlotte alihitimu na kupata shahada ya sayansi, kisha akarejea nyumbani. Vita vya Waingereza na Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902 vilikuwa vimeivuruga nchi. Mwanamke mwenye elimu kama yake angeweza kubaki Marekani na kuishi vizuri zaidi. Nchini kwao hapakuwa na ofisi hata moja ya serikali iliyokuwa tayari kumpa kazi inayolingana na shahada yake.

Alikwenda kufundisha vijijini. Alifundisha katika nchi ya baba yake, Ramokgopa, ambako watu walikuwa maskini na majengo ya shule yalikuwa duni. Yeye na mumewe walifanya kazi pia huko Idutywa, Transkei. Wakiwa katika eneo hilo, Charlotte alipewa nafasi ya kuzungumza katika baraza la Mfalme Dalindyebo wa Wathembu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke. Tukio hilo linaonyesha mwenendo wake. Hakuwadharau wazee wa jadi kwa kuwa amesoma, nao hawakumfukuza kwa kuwa ni mwanamke.

Kazi kubwa kuliko zote ya ualimu wao ilikuwa Evaton, kusini mwa Johannesburg, mahali pachache ambapo Waafrika waliweza kununua viwanja na kuwa na hati zao. Hapo, mwaka 1908, Mchungaji Maxeke na mkewe walianzisha shule ya kanisa la AME na kuipa jina la chuo kilichowalea, Wilberforce. Ilikua hadi kuwa na madarasa ya msingi, ya sekondari na ya mafunzo ya ualimu. Shule nyingi za misheni za wakati huo zilikuwa chini ya Wazungu. Hii ilianzishwa na Waafrika wawili waliosoma, wakisaidiwa na kanisa la watu weusi.

Maisha ya mke wa mchungaji hayakuwa ya kukaa kitako. Mume alipohamishwa, mke alifunga mizigo. Alifundisha darasani asubuhi, akapokea wageni mchana, akaongoza maombi ya wanawake jioni. Katika makanisa ya Afrika Kusini vikundi vya maombi vya akina mama viliitwa manyano, na siku yao ilikuwa Alhamisi. Hapo mfua nguo, mpishi wa nyumba ya Mzungu na mke wa mchungaji walipiga magoti pamoja, wakaelezana shida zao na kuchangiana fedha. Wanaume wengi hawakuyatilia maanani makusanyiko hayo. Lakini Mama Maxeke alielewa kwamba wanawake waliozoea kukutana kila wiki, kutunza fedha bila wizi na kusikilizana kwa zamu, wamekwisha kujifunza kujiongoza.

Kipande

Tarehe 8 Januari 1912 viongozi wa Waafrika walikutana Bloemfontein na kuunda chama kilichokuja kuitwa ANC. Mama Maxeke alikuwapo. Hata hivyo chama hicho hakikuwapa wanawake uanachama kamili, na kingechukua miaka 31, hadi mwaka 1943, kufanya hivyo. Wanawake walikaribishwa kupika, kuimba na kuwalaza wajumbe. Kupiga kura ilikuwa kazi ya wanaume.

Katika jimbo la Orange Free State wanawake walikuwa na shida isiyoweza kusubiri. Sheria za miji ziliwalazimisha wanawake weusi kubeba vibali vya kuwaruhusu kukaa na kufanya kazi, na kuvilipia. Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1920, wanaume wa Kiafrika walibeba kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Tofauti ni kwamba katika Orange Free State kipande kilimfuata mama na binti yake. Askari aliweza kumsimamisha mwanamke njiani, kuingia nyumbani kwake usiku kukagua karatasi, na kumkamata mbele ya watoto. Binti aliyefikia umri wa kubeba kipande alilazimika kwenda kufanya kazi kwa Mzungu, au awe mkosaji.

Mwaka 1912 wanawake wa jimbo hilo walikusanya sahihi 5000 na kutuma ujumbe kwa serikali. Hawakupata jibu la maana. Mwaka 1913 wanawake wa Bloemfontein, wengi wao wakiwa watu wa makanisa, waliandamana na kukataa kubeba vipande. Walikamatwa kwa makundi, na wengi wakachagua kifungo kuliko faini. Katika harakati hizo ndimo ilimokua hoja ambayo Mama Maxeke aliisimamia kwa miaka yote iliyofuata: kipande cha mwanamke hakihesabu mtu mmoja tu, kinaivunja nyumba nzima.

Mwaka 1918 aliunda Umoja wa Wanawake wa Kibantu, akawa rais wake. Mwaka huohuo aliongoza ujumbe wa wanawake kwenda kumwona Waziri Mkuu Louis Botha. Fikira hiyo ilikuwa nzito kwa wakati wake. Botha alikuwa jenerali wa zamani wa Makaburu na mkuu wa serikali iliyopitisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, iliyowaachia Waafrika kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi. Mbele yake alisimama mwanamke mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu, aliyewahi kumwimbia Malkia wa Uingereza, akimweleza kwa utulivu kwa nini wanawake hawatabeba karatasi zile.

Masharti ya vipande kwa wanawake yalilegezwa, na kwa miaka zaidi ya 30 serikali haikuthubutu kuwalazimisha tena kwa nguvu nchi nzima. Muda huo si mfupi. Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 1918 aliweza kukua, kuolewa na kulea watoto wake bila kudaiwa kipande na askari. Ushindi huo haukudumu milele, lakini uliwapa akina mama wengi nafasi ya kuishi.

Mahakamani na mitaani

Maxeke na mkewe walihamia Johannesburg. Mume alifanya kazi ya kanisa na ya uandishi katika gazeti la Umteteli wa Bantu, lililoanza mwaka 1920. Mke naye aliandika makala kwa Kixhosa kuhusu hali ya wanawake. Mwaka 1920 alihudhuria pia mkutano wa Bloemfontein wa chama cha wafanyakazi cha ICU, ambacho kiongozi wake mashuhuri, Clements Kadalie, alikuwa mzaliwa wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo.

Johannesburg ya wakati huo iliishi kwa dhahabu. Wanaume waliletwa migodini kutoka vijijini na nchi za jirani, wakalazwa katika mabweni ya wanaume peke yao. Wake waliowafuata hawakuwa na mahali pa kukaa. Waliopata chumba walikipata kwa kibali kilichotegemea kazi ya mume, na mume akifa au akifukuzwa kazi, chumba nacho huondoka. Wengi waliishi kwa kufua nguo na kupika pombe, wakikimbizana na polisi. Watoto walibaki barabarani.

Mama Maxeke alifungua ofisi ya kuwatafutia Waafrika kazi. Kisha akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuajiriwa kuwa afisa wa uangalizi wa watoto na vijana waliofikishwa katika mahakama ya Johannesburg. Kazi yake ilikuwa kuketi mahakamani, kumsikiliza mtoto aliyeiba mkate au aliyekutwa akizurura, kwenda kutafuta wazazi wake, na kumshawishi hakimu kwamba gereza halitamtengeneza. Kwa hakimu, mtoto huyo alikuwa jina katika orodha ya siku. Kwa mwalimu huyu wa zamani alikuwa mwanafunzi aliyekosa darasa.

Kazi hiyo ilimpa maarifa ambayo wanasiasa wengi hawakuwa nayo. Mwaka 1930 alialikwa kuzungumza katika mkutano wa wanafunzi Wakristo, weusi na weupe, uliofanyika Fort Hare. Hakuzungumza juu ya maadili kuporomoka kwa namna ya kuwalaumu wasichana, kama wahubiri wengi walivyofanya. Alieleza safari ya familia moja moja kutoka kijijini hadi mjini, namna sheria na mishahara midogo zinavyomtenga mume na mke, na namna nyumba isiyo na uhakika wa kesho inavyomtupa mtoto barabarani. Aliwataka Wazungu wenye nia njema waache kuwafanyia Waafrika kazi kana kwamba wao ni vitu, na badala yake wafanye kazi pamoja nao. Zaidi ya miaka 90 baadaye, mashirika mengi ya misaada barani Afrika bado yanajifunza somo hilo.

Mwaka 1928 Mchungaji Maxeke alifariki dunia. Mama alibaki mjane, lakini hakustaafu. Mwaka 1930 Dk. A. B. Xuma, daktari aliyekuja kuwa rais wa ANC, alichapisha kijitabu kuhusu maisha yake ili kuonyesha kile ambacho msichana wa Kiafrika aliyesoma anaweza kufanya. Utangulizi wake uliandikwa na Du Bois, mwalimu wa Wilberforce wa zamani. Mwaka 1937, akiwa mzee, Mama Maxeke alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiafrika. Miaka miwili baadaye alifariki dunia, akazikwa Kliptown, Johannesburg.

Kutoka Kliptown hadi Morogoro

Yaliyofuata kifo chake yangeweza kuonekana kama kushindwa. Mwaka 1948 chama cha ubaguzi wa rangi kilishika serikali, na katika miaka ya 1950 kipande kilirudishwa kwa wanawake, safari hii nchi nzima. Lakini serikali ilikuta jambo ambalo halikuwapo mwaka 1912. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali mjini Pretoria. Wengi wao hawakuwahi kumwona Mama Maxeke, ila njia waliyoipita yeye na wenzake ndio walioifyeka. Sheria za vipande zilifutwa mwaka 1986. Kliptown nayo, alikozikwa, ndipo mahali ambapo mwaka 1955 wajumbe wa Afrika Kusini walipitisha Hati ya Uhuru iliyotangaza kwamba nchi ni ya wote wanaoishi ndani yake.

Jina lake lilifika pia katika ardhi ya Waswahili. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi walikimbilia ng'ambo. Serikali ya Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, mkoani Morogoro, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Kilipohitajika kituo cha kuwatunza akina mama wachanga na watoto wao, wakimbizi hao walikiita Charlotte Maxeke. Kwa hiyo wapo Waafrika Kusini waliojifunza kutembea Morogoro, chini ya jina la mwalimu huyo, huku wakisikia Kiswahili nje ya dirisha. Mwaka 1992 majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako vijana wa kike na wa kiume wanaendelea kusoma.

Mwaka 2021 serikali ya Afrika Kusini iliadhimisha miaka 150 tangu kuzaliwa kwake. Kulikuwa na hotuba na mashada ya maua, kama ilivyo desturi. Lakini kumbukumbu yake iliyo hai zaidi haipo kwenye mashada. Ipo pale ambapo binti wa Kiafrika anapokea shahada na hakuna gazeti linaloandika habari zake, kwa sababu wenzake waliozipata kabla yake ni wengi mno. Siku Charlotte alipohitimu, katika wanawake weusi wa nchi yake alikuwa peke yake. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuhakikisha kwamba habari kama hiyo haitakuwa tena ya ajabu.